Mathieu Kérékou wa Benin: mtawala aliyeshindwa, akarudi, akaondoka

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wageni waalikwa, ndugu wanafunzi,

Nilipopewa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya mmoja wa wakuu wa nchi za Afrika Magharibi baada ya uhuru, nilijua kwamba wengi mngetarajia jina la Nkrumah, la Senghor au la Sankara. Hao wameshaandikwa na kusimuliwa vya kutosha. Nimemchagua Mathieu Kérékou wa Benin, mtu ambaye katika mafunzo yetu ya historia huku Afrika Mashariki hupitiwa kwa sentensi moja au mbili, ilhali aliongoza nchi yake kwa zaidi ya miaka 28 katika vipindi viwili: kuanzia 1972 hadi 1991, na tena kuanzia 1996 hadi 2006. Mara ya kwanza aliingia kwa bunduki na kutolewa kwa kura, na mara ya pili aliingia kwa kura na kutolewa na katiba. Alipofariki mwaka 2015 aliombolezwa kama baba wa demokrasia ya Benin. Mimi sikubaliani na sifa hiyo, walau si kwa namna inavyotolewa, na muda mlionipa nitautumia kueleza kwa nini.

Hatuwezi kumwelewa Kérékou bila kuielewa Dahomey, kwa maana ndivyo nchi ile ilivyoitwa ilipopata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 1 Agosti 1960. Siasa za Dahomey zilikuwa mikononi mwa wanaume watatu, kila mmoja akiwa na ngome yake: Hubert Maga kaskazini, Sourou-Migan Apithy upande wa Porto-Novo kusini mashariki, na Justin Ahomadégbé katika eneo la Abomey. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutawala peke yake, na hakuna aliyekubali kutawaliwa na mwenzake. Jeshi liliingia kati mwaka 1963, likaingia tena 1965, likaingia 1967, na likaingia 1969, hata nchi ikapata jina baya la kuwa mgonjwa wa Afrika Magharibi. Mwaka 1970 wanasiasa hao walibuni mpango ambao sijaona mfano wake kwingineko barani: Baraza la Urais lenye watu watatu, kila mmoja akikalia kiti kwa miaka miwili kisha kumpisha mwenzake. Maga alimaliza zamu yake na kumkabidhi Ahomadégbé mwezi Mei 1972. Zamu ya Apithy haikufika.

Kérékou alikuwa ameyaona mambo hayo yote kwa karibu. Alizaliwa mwaka 1933 katika eneo la Atakora, kaskazini magharibi, jirani na mji wa Natitingou, akalelewa katika shule za kijeshi za Kifaransa huko Kati katika Mali ya leo na Saint-Louis nchini Senegal, kisha akamalizia mafunzo Ufaransa kwenyewe. Aliporudi katika jeshi la nchi yake mwaka 1961 aliteuliwa kuwa mpambe wa Rais Maga, kazi inayomweka kijana nyuma ya kiti cha mkubwa, akisikia kila neno bila kuulizwa neno. Mwaka 1967 alikuwa miongoni mwa maofisa vijana waliomwondoa madarakani Jenerali Christophe Soglo, mkuu wa nchi wa wakati ule. Tarehe 26 Oktoba 1972, askari walipovamia kikao cha mawaziri mjini Cotonou, aliyetangazwa kiongozi alikuwa yeye, Meja Kérékou, akiwa na umri wa miaka 39. Marais watatu wa Baraza walitiwa kizuizini, na hawakuachiwa huru hadi mwaka 1981.

Kwa miaka miwili ya mwanzo utawala ule haukuwa na itikadi inayoeleweka zaidi ya uzalendo na kuwachoka wanasiasa wa zamani. Halafu tarehe 30 Novemba 1974, akiwa Abomey, mji mkuu wa wafalme wa kale, Kérékou alitangaza kwamba nchi itafuata Umarx na Ulenin. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo ya Novemba, jina la Dahomey lilifutwa na ikazaliwa Jamhuri ya Watu wa Benin, yenye chama kimoja kilichoitwa Chama cha Mapinduzi ya Watu wa Benin. Uamuzi wa kubadili jina ulikuwa na busara kuliko itikadi iliyouzaa, kwa kuwa Dahomey lilikuwa jina la ufalme mmoja wa kusini uliowahi kuwauza majirani zake utumwani, na watu wa kaskazini, akiwamo Kérékou, hawakuwa na sababu ya kujivunia. Mabenki, makampuni ya bima na usambazaji wa mafuta vilitaifishwa, na shule za mashirika ya dini zikachukuliwa na serikali. Ilianzishwa pia kampeni ya kupiga vita uchawi, ambayo kwa vitendo iliwaandama makuhani na wazee wa Vodun, dini ya jadi ya nchi ile. Msikilizaji wa Tanzania anayekumbuka Azimio la Arusha atatambua baadhi ya hatua hizo, ila tofauti ni kubwa: Azimio lilitoka katika chama kilichokuwa na matawi hadi vijijini kabla ya uhuru, na chama cha Kérékou kiliundwa na serikali iliyokwisha kushika dola.

Tukio lililompa nguvu kuliko sera yoyote lilitokea alfajiri ya tarehe 16 Januari 1977. Ndege iliyojaa mamluki ilitua katika uwanja wa Cotonou, na watu hao, wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard, wakaanza kushambulia kuelekea ikulu. Mapigano yalidumu saa chache. Mamluki walishindwa, wakakimbilia ndege yao na kuondoka kwa haraka kiasi cha kumwacha nyuma mwenzao mmoja na sanduku la nyaraka lililoeleza mpango mzima, na nyaraka hizo zikafikishwa mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Jina la Denard halihitaji kuelezwa kwa ndugu zetu wa Komoro. Miezi 16 baada ya kufukuzwa Cotonou alitua Ngazija, akampindua Rais Ali Soilih mwezi Mei 1978, na akabaki mwenye usemi katika visiwa vile kwa zaidi ya miaka kumi. Kilichoshindikana Benin kikawezekana Komoro, na nadhani wanahistoria wetu wa pwani wangefaidika sana kuyasoma matukio hayo mawili kwa pamoja.

Kwa Kérékou, ushindi ule ulikuwa hati ya kuhalalisha ukali. Tangu hapo kila mpinzani aliweza kuitwa wakala wa mabeberu. Gereza la Ségbana, mbali kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Nigeria, likajulikana nchini kote kama mahali wanapopelekwa wasiotakiwa kusikika, na walioteseka zaidi katika miaka ya 1980 walikuwa wanafunzi na walimu waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa chama cha siri cha kikomunisti. Yaani, serikali iliyojiita ya Kimarx iliwafunga Wamarx. Tangu kabla ya hapo, mwezi Juni 1975, waziri wake wa mambo ya ndani, Kapteni Michel Aïkpé, mmoja wa wenzake wa Oktoba 1972 na mtu aliyependwa na vyama vya wafanyakazi, aliuawa kwa risasi, na maelezo yaliyotolewa na serikali hayakuaminiwa na wengi. Wanaomwita Kérékou mpole wasiruke kurasa hizi.

Mwaka 1980, katika ziara ya Libya, alitangazwa kuwa amesilimu na kuchukua jina la Ahmed. Uislamu huo haukudumu. Baadaye, alipokuwa nje ya madaraka, aliokoka, na akarudi katika siasa akiwa mlokole. Wananchi walimwita kinyonga, na yeye hakuchukia. Msemo uliohusishwa naye tangu zamani ni kwamba tawi halivunjiki mikononi mwa kinyonga.

Tawi lilikaribia kuvunjika mwaka 1989. Mabenki matatu ya serikali yalikuwa yamefilisika, yakiwa yamekopesha wakubwa na marafiki wa wakubwa fedha ambazo hazikurudi, na katika kashfa hiyo jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la mganga mmoja kutoka Mali, Mohamed Cissé, ambaye rais alikuwa amemfanya mshauri wake wa karibu. Watumishi wa umma walikaa miezi bila mishahara. Wanafunzi waligoma, walimu wakagoma, madarasa yakafungwa. Ufaransa na taasisi za fedha za kimataifa hazikuwa tayari kulipa deni la utawala ule bila mabadiliko, na huko Ulaya Mashariki marafiki wa itikadi walikuwa wanaanguka mmoja baada ya mwingine. Tarehe 7 Desemba 1989 ilitangazwa kwamba Umarx na Ulenin si tena itikadi rasmi ya taifa, na kwamba utaitishwa mkutano wa taifa wa makundi yote ya jamii. Narudia tarehe hiyo kwa makusudi, kwa sababu hotuba ya Rais Mitterrand wa Ufaransa kule La Baule, inayosemwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua milango ya vyama vingi katika Afrika inayotumia Kifaransa, ilitolewa mwezi Juni 1990, wakati Wabenin walikuwa wamekwisha maliza mkutano wao.

Mkutano huo ulifunguliwa tarehe 19 Februari 1990 katika hoteli moja ya ufukweni mjini Cotonou, ukiwa na wajumbe wapatao 500: wanasheria, mapadre na wachungaji, maimamu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wakulima, maofisa wa jeshi, wanafunzi, na Wabenin waliorudi kutoka uhamishoni. Mwenyekiti alikuwa Askofu Isidore de Souza. Katika ukumbi walikaa Maga na Ahomadégbé, wazee wawili ambao Kérékou aliwaweka kizuizini kwa miaka tisa. Apithy alikuwa amefariki miezi michache tu nyuma. Redio ilipeleka mijadala hiyo majumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka 17 wananchi walisikia serikali ikisemwa hadharani bila msemaji kukamatwa.

Kérékou aliuitisha mkutano ule akiutarajia kuwa baraza la ushauri. Wajumbe waliona vinginevyo, na tarehe 25 Februari walipiga kura kwamba mkutano una mamlaka kamili, maana yake maamuzi yake yatamfunga kila mtu, rais pamoja na jeshi. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii yote. Ndani ya jeshi walikuwapo waliotaka kuufunga ukumbi kwa nguvu, na rais mwenyewe alilalamika kwamba anapinduliwa na raia. Askofu de Souza alikwenda na kurudi kati ya ukumbi na ikulu, akitafuta namna ya kumnusuru mzee bila kuliuza taifa. Makubaliano yaliyopatikana yalikuwa haya: Kérékou angebaki rais kwa jina hadi uchaguzi, serikali ingeongozwa na waziri mkuu aliyechaguliwa na mkutano, naye angekuwa Nicéphore Soglo, aliyewahi kuwa mkurugenzi katika Benki ya Dunia, na rais asingeshtakiwa kwa yaliyotendeka wakati wa utawala wake. Tarehe 28 Februari Kérékou alikubali.

Wapo wanaosema alikubali kwa moyo wa toba. Mimi nasema alikubali kwa sababu alihesabu. Hazina ilikuwa tupu, hata askari wenyewe walikuwa hawana uhakika wa mshahara wa mwezi ujao, na mtu anayetaka kuamuru bunduki zifyatuliwe sharti ajue nani atamlipa mwenye bunduki. Hata hivyo nampa haki yake: hesabu hiyohiyo ilikuwa mbele ya watawala wengine wa wakati ule, nao waliifanya vibaya. Jirani yake Eyadéma wa Togo alikubali mkutano wa taifa mwaka 1991 kisha akalitumia jeshi kukisambaratisha kile mkutano ulichokijenga. Ndugu zetu wa Kongo wanakumbuka yao: mkutano wa taifa wa Zaire ulifunguliwa Agosti 1991 kwa kufuata nyayo za Cotonou, hata mwenyekiti wake akawa askofu, Laurent Monsengwo, nao ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mwaka 1992. Mobutu aliuchosha kwa hila, akaigawa serikali mara mbili, akaacha nchi ioze hadi vita vilipomkuta mwaka 1997. Gharama ya hesabu ile mbaya, Kivu inailipa hata sasa.

Katiba mpya ilipigiwa kura ya maoni mwezi Desemba 1990. Iliweka mihula miwili ya miaka mitano mitano, na ikasema mgombea urais awe na umri usiopungua miaka 40 na usiozidi 70. Kifungu hicho cha umri kiliwalenga waziwazi wazee wa siasa za Dahomey ili wasirudi, na tutaona kilivyomnasa mwingine. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa Machi 1991 Soglo alipata karibu asilimia 68 na Kérékou asilimia 32. Aristides Pereira wa Cape Verde alikuwa ametangulia kushindwa kwa mwezi mmoja, lakini katika bara lenyewe Kérékou alikuwa wa kwanza miongoni mwa marais wa utawala wa chama kimoja kuondolewa kwa kura ya wananchi wote. Kaunda wa Zambia alifuata mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Kwa miaka mitano alikaa nyumbani kwake Cotonou na hakusema karibu lolote. Ukimya huo ulimfaa kuliko kampeni. Soglo aliurejesha uchumi katika mstari, lakini alitawala kwa kiburi cha mtaalamu, jamaa zake wakawa na nafasi kubwa mno katika chama na serikali, na mwezi Januari 1994 thamani ya faranga ya CFA ilipunguzwa kwa nusu, hivyo bei sokoni zikapanda na lawama zikamwangukia yeye. Mwezi Machi 1996 Kérékou alishinda duru ya pili kwa zaidi ya asilimia 52. Linganisheni na Denis Sassou Nguesso wa Kongo-Brazzaville, naye askari, naye Mmarx wa zamani, naye aliyeshindwa uchaguzi mwaka 1992. Yeye alirudi madarakani mwaka 1997 kwa vita vilivyoubomoa mji mkuu wake.

Sasa naomba mnivumilie nieleze tukio moja dogo la mwaka huo wa 1996, ambalo kwangu lina maana kuliko ushindi wenyewe. Kiapo cha rais wa Benin, kama kilivyoandikwa katika katiba, humtaka aape mbele ya Mungu, mizimu ya wahenga, taifa na watu wa Benin. Kérékou mlokole, siku ya kuapishwa, aliruka maneno yanayotaja mizimu ya wahenga. Katika nchi ambayo ni chimbuko la Vodun hilo halikupita bila kusikika. Mahakama ya Katiba, iliyoongozwa na mwanamama Élisabeth Pognon, ilitamka kwamba kiapo kilichopunguzwa si kiapo, na Jenerali Kérékou, aliyewahi kutawala kwa amri bila bunge wala mahakama ya kumuuliza, alirudi na kuapa upya kwa maneno yote. Mwaka uliofuata chini ya utawala wake sheria ilipitishwa kuifanya tarehe 10 Januari kuwa sikukuu ya dini za jadi, dini zilezile alizoziandama akiwa mwanamapinduzi.

Muhula wake wa pili wa kidemokrasia ulianza vibaya. Katika uchaguzi wa 2001 Soglo na Adrien Houngbédji, walioshika nafasi ya pili na ya tatu, walijitoa katika duru ya marudio wakidai udanganyifu, na mpinzani aliyebaki akawa Bruno Amoussou, waziri wake mwenyewe. Ushindi wa asilimia 84 dhidi ya waziri wako ni wa kuonea haya. Mwaka 2005 kampuni ya Titan ya Marekani ilikiri mahakamani huko kwao kwamba ilipenyeza zaidi ya dola milioni 2 katika kampeni ile ya kumchagua tena rais, ikalipa adhabu ya dola milioni 28.5. Benin haikumfungulia mtu mkubwa kesi.

Na bado aliondoka. Kuanzia mwaka 2003 wapambe wake walipigia debe marekebisho ya katiba ili aendelee, maana mihula miwili ilikuwa inakwisha na umri wa miaka 70 alikuwa ameshauvuka. Kérékou hakuwakemea, kwa muda mrefu aliwaacha waseme huku akipima upepo. Waliomjibu ni wananchi: vyama vya kiraia, makanisa, wanahabari na vyama vya wafanyakazi waliendesha kampeni nchi nzima ya kutaka katiba isiguswe. Mwezi Julai 2005 alitangaza kwamba hataibadilisha, akasema usipoyaacha madaraka, madaraka yatakuacha wewe. Wakati wa maandalizi ya uchaguzi wa 2006 serikali yake ililia kwamba haina fedha, na wengi walihofu kwamba anatafuta sababu ya kuahirisha. Kura zikapigwa vilevile, Thomas Boni Yayi akashinda, na tarehe 6 Aprili 2006 Kérékou alikabidhi ofisi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 2015 akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa Natitingou, na uwanja mkubwa wa michezo wa Cotonou unaitwa kwa jina lake.

Ndiyo maana nasema sifa ya ubaba haimfai. Kila mara alipofanya jambo jema palikuwa na watu mbele yake waliomzuia kufanya baya: wajumbe wa 1990, majaji wa 1996, wananchi wa 2005. Kipaji chake kilikuwa kutambua mapema kwamba amezuiwa, na kutii kabla ya damu kumwagika. Si kipaji kidogo, lakini hakihamishiki kwa mrithi.

Nawaomba wanaotaka ushahidi watazame yaliyofuata. Katiba ile ya Desemba 1990 ilikaa bila kuguswa hata neno moja kwa karibu miaka 29. Mwaka 2018, chini ya Rais Patrice Talon, uenyekiti wa Mahakama ya Katiba ulikwenda kwa Joseph Djogbénou, aliyewahi kuwa wakili binafsi wa rais na kisha waziri wake wa sheria. Mwezi Aprili 2019 uchaguzi wa bunge ulifanyika bila chama chochote cha upinzani kuruhusiwa kugombea, intaneti ilifungwa siku ya kupiga kura, na viti vyote 83 viligawanwa na vyama viwili vinavyomuunga mkono rais, huku waliojitokeza wakiwa takriban asilimia 27 tu ya wapiga kura. Bunge hilo ndilo lililoibadili katiba mwezi Novemba mwaka huohuo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda umekwisha, na ningependa kusikia maswali, hasa kutoka kwa wenzetu wa Kongo na Komoro. Ahsanteni sana.